Kwa mdomo anajua kila kitu, kwenye karatasi anapata sifuri. Shule ya Kikatoliki tumsaidieje?

Mwl wa Tatu:

Habarini wadau. Mie ni mwalimu wa darasa la tatu, shule ya masista, nimekwama naomba mawazo hasa kwa walimu wenzangu na wazazi ambao mmeshapita huku.

Nina binti mmoja darasani. Muulize kwa mdomo habari ya Mwana Mpotevu, atakusimulia mpaka yule kaka mkubwa alivyosusa kuingia ndani, halafu anakugeuzia swali, "sasa mwishoni aliingia au hakuingia, mbona hatuambiwi?" Wenzake hata hawajafika huko. Mpe karatasi sasa. Anaandika mstari mmoja na nusu, maneno yameshikana, silabi zimerukwa, "anakwenda" inakuwa "anakeda", anafuta anaandika anafuta tena mpaka karatasi inatoboka. Kusoma ndo balaa, anakokota silabi moja moja, zote anapatia lakini akifika mwisho wa sentensi keshasahau ilianzaje.

Huyo mmoja. Nina mwingine wa kiume ana usonji, huyo alishapimwa hospitali wazazi wakaleta ripoti, shida yake kubwa sio darasani ni kanisani, Misa ya shule ikianza na ubani na kengele anaziba masikio anapiga kelele na mwalimu wa zamu anamtoa nje kila wiki. Na kuna wa tatu ambae hakai kitini, yaani hakai kabisa.

Sista mkuu wetu ana moyo mzuri tu ila ofisini walimu wenzangu wananiambia hii sio shule ya mahitaji maalumu, hatuna mtaalamu, tusijitafutie mzigo. Na kilichonitoa machozi ni katekista amesema huyu binti hatopokea Komunyo ya Kwanza mpaka afaulu ule mtihani wa kuandika wa katekisimu. Sasa naanzia wapi bila mtaalamu, na nikimpa huyu nafasi ya peke yake si nawaonea wengine? Na hilo la Komunyo ni sahihi kweli??

Chaki Nyeupe:

Pole mwalimu na hongera kwa kuona, maana wengi wanaishia kuandika "mvivu, aongeze bidii" kwenye ripoti na kufunga kitabu.

Kabla ya yote mwambie mzazi akampime macho na masikio. Msilipite hili hata kama mnaona jibu liko wazi. Nimefundisha kusoma miaka mingi na watoto "wasiosikia la mwalimu" wengine walikuwa hawasikii kweli, sikio moja limeziba usaha hakuna aliyejua.

Kama huko kuko sawa basi ulichoeleza kinafanana sana na disleksia, japo wa kusema ndiyo au hapana ni mtaalamu wa kupima sio mimi wa mtandaoni. Disleksia sio macho na sio akili ndogo, ni ubongo kupata kazi kubwa kuunganisha herufi na sauti, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo, ulizia kama baba au shangazi nae alisumbuka kusoma. Walimu wengi wanaikosa kwa sababu wamesikia kwamba mwenye disleksia anageuza b na d basi, wasipoona hilo wanasema hana. Kwenye lugha zinazoandikwa jinsi zinavyotamkwa kama Kiswahili au Kiitaliano, mtoto anaweza kusoma maneno karibu yote sawa, kinachomsaliti ni KASI, anasoma polepole mno. Anatumia nguvu yote kufungua silabi, ya kuelewa haibaki. Ukimhamishia kwenye Kiingereza ambako maandishi na matamshi hayapatani ndo anaanguka kabisa na watu wanashtuka "mbona Kiswahili alikuwa anajitahidi".

Cha kufanya bila mtaalamu: kaa nae muda mfupi lakini kila siku, dakika kumi zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Rudia silabi kwa mpangilio, hasa zile ngumu, mwa, kwe, nda, ng'o, mpaka zitoke zenyewe. Hapo kwenye "anakeda" yako ona alichokosa, kwe imekuwa ke, nda imekuwa da, yaani tayari amekuonyesha pa kuanzia. Aziandike kwa kidole kwenye mchanga huku anazitamka kwa sauti. Hii sio mpya, Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyegeukia elimu ya watoto, alikuwa na herufi za karatasi ya msasa ambazo mtoto anazipapasa kwa kidole, na alianza na watoto ambao wengine walishakata tamaa nao, kabla hajafungua ile nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Halafu asome kipande kilekile kifupi mara kadhaa siku tofauti, usimpe kipya kila siku ukidhani ndo maendeleo, kasi inakuja kwa kurudia.

Na tafadhali usimwite ghafla asome mbele ya darasa. Akitaka mwenyewe sawa, mpe kipande siku moja kabla akafanye mazoezi. Kunakili ubaoni nako punguza, mpe nakala. Mtoto anayetazama ubao, anashika silabi mbili, anainama, anaandika, anainuka, amepoteza mstari, huyo hajifunzi sayansi hapo, anafanya mazoezi ya shingo.

Huyo asiyekaa mpe kazi za kuinuka zenye maana, agawe madaftari, afute ubao. Maagizo mpe moja moja sio matano kwa mpigo. Na msimnyime mapumziko kama adhabu, mnamnyima dawa halafu mnalalamika ugonjwa umezidi.

Nidhamu Kwanza:

Samahani nitakuwa tofauti kidogo msinishambulie. Shule za Kikatoliki zimejenga jina kwa nidhamu na viwango, wazazi wanaleta watoto kwa sababu hiyo. Tukianza huyu aulizwe kwa mdomo, huyu apewe nakala, huyu azunguke darasani, kesho nusu ya darasa watasema na sie hatuwezi kuandika. Sisi tulikariri katekisimu yote maswali na majibu, wazito walikuwepo na wao wakakariri, wakachapwa wakakaa sawa. Mwalimu mmoja na darasa limejaa hadi mlangoni atawezaje hayo yote? Tusiwadekeze, dunia ya nje haitawasubiri.

Mama Wawili:

@Nidhamu Kwanza nikujibu kama mzazi. Mwanangu wa kwanza ni hao "wazito" wako. Alichapwa sana tu na hakukaa sawa, alichojifunza ni kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Shule aliyokuwepo (ya Kanisa, siitaji) walituita wakatuambia kwa upole mwingi na chai kwamba "labda angefaa zaidi mahali pengine", kumbe wastani wake unashusha wastani wa darasa la mtihani. Getini pameandikwa maneno ya Yesu na watoto wadogo. Nilitoka hapo nikayasoma tena.

Kwa hiyo mwalimu, unapomwita mzazi wa huyo binti ujue anakuja ameshajiandaa kuambiwa amchukue mtoto wake. Anza na anachokiweza, mwambie hilo swali lake la kaka mkubwa, mie ningelia hapohapo. Halafu fungua daftari mwonyeshe, usimwambie "ana tatizo", mwonyeshe huu mstari na huu, na muulize nyumbani anaonaje maana na yeye anajua vitu ambavyo hamvijui. Usilitaje jina la hali yoyote kama hajapimwa, likishatoka mdomoni mwa mwalimu halirudi, litafika mpaka kwa mashemeji.

Wengine watakwambia wameshampeleka kuombewa. Usibishane nao. Sisi tulisali na tukaenda kupima, vyote viwili, na hakuna padre aliyetukataza.

Kitu kingine ni homuweki. Kwetu ilikuwa vita, saa tatu usiku mtoto analia na mie nalia. Mwalimu wake wa shule ya pili akasema fanyeni nusu saa, popote mtakapofikia wekeni saini simamisheni. Yaani alipima muda sio kurasa. Nyumba ikatulia na cha ajabu mtoto akaanza kufika mbali zaidi ndani ya hiyo nusu saa.

Katekista Mkongwe:

Tumsifu Yesu Kristo. Nijibu la Komunyo maana naona limeachwa na ndo lililomliza mwalimu.

Sheria ya Kanisa (ile ya 1983) kanuni ya 913 inataka mtoto awe na ufahamu wa kutosha na maandalizi ya makini, aelewe fumbo la Kristo KADIRI YA UWEZO WAKE na apokee kwa imani na ibada. Sasa nionyesheni humo mtihani wa kuandika uko wapi. Mtihani tumeuweka sisi makatekista kwa sababu unarahisisha kazi, kundi kubwa, karatasi moja, alama, kwisha. Sio dhambi kuwa nao ila sio sharti la sakramenti. Kanuni ya 777 inamtaka paroko mwenyewe ahakikishe katekesi inawafikia pia wenye ulemavu wa mwili au wa akili kadiri hali yao inavyoruhusu, na Mwongozo wa Katekesi uliotoka Vatikani 2020 unasema wazi hakuna anayeweza kuwanyima sakramenti watu wenye ulemavu. Huyo binti hata huko hajafika, yeye anaelewa kuliko wenzake! Kama anajua mkate huu na mkate wa kawaida sio kitu kimoja, anajua anampokea nani, mnataka nini tena, imla?

Mwalimu usigombane na katekista wako mbele za watu. Mwombe amhoji kwa mdomo, dakika tano tu, wewe ukae pembeni. Akikataa, kanuni ya 914 inawapa jukumu la kuwaandaa watoto kwanza wazazi halafu paroko, kwa hiyo wazazi waende kwa paroko, waende wao sio wewe.

Kuhusu kijana wa usonji. Ubani, kengele, kwaya, vipaza sauti, watu wamebanana, sisi tunaona ni sherehe, kwake yeye vyote vinaingia kwa mpigo na hakuna kitasa cha kupunguza. Halafu anatolewa nje kila wiki, kwa hiyo amejifunza kuwa akipiga kelele shida inaisha. Mpelekeni kanisani siku hakuna mtu, azunguke, aguse benchi, aisikie kengele ikigongwa taratibu na yeye mwenyewe akiigonga. Mtengenezeeni kijitabu cha picha cha mtiririko wa Misa, tunasimama, tunakaa, kengele inakuja HAPA, tunapeana amani hapa, wengi wao kinachowatesa ni kutokujua nini kinafuata. Akae pembeni karibu na mlango wa ubavuni, mbali na chetezo, ila sio kule nyuma ya nguzo kama anayefichwa. Avae vile vizibo vya masikio vya kuvaa kichwani, Mungu hatakasirika. Na mkubaliane nae ishara, akionyesha anatoka kupumua na mtu mmoja anayemzoea halafu ANARUDI, hata kama anarudi kwa Baba Yetu tu. Wiki kwa wiki atakaa zaidi.

Akija wakati wake wa Komunyo mfanyisheni mazoezi kwa hostia ambazo hazijawekwa wakfu, wengine ile kunata kwenye ulimi inawashinda na bora ijulikane mapema kuliko siku yenyewe amevaa nguo nyeupe na ndugu wote wamekuja na kamera. Kama mkate hauwezekani kabisa, kanuni ya 925 inaruhusu kupokea kwa divai peke yake inapolazimu, zungumzeni na padre.

Ndugu yangu Nidhamu, mimi pia nilikariri na sijutii, bado nayasema usingizini. Ila Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, Kilatini kilimgaragaza seminarini akashindwa mtihani. Padre Balley paroko wa Écully akamchukua akamfundisha kivyake, akapimwa tena baadaye, akapewa upadre 1815. Kama Balley angesema dunia haitamsubiri tungekuwa tumekosa mtakatifu.

Nidhamu Kwanza:

Hahaha katekista umenipiga na mtakatifu kabisa. Sawa, la Komunyo nakubali. Ila swali langu la haki hamjalijibu mnalizunguka. Mtihani wa darasa, huyu kasomewa maswali, huyu kapewa muda wa ziada, yule wa katikati ambae hana ripoti ya hospitali wala mama wa kumpigania kapata 48. Haki iko wapi?

Chaki Nyeupe:

Hilo ni swali zuri, kwanza angalia karatasi inapima nini. Ya hisabati inapima hesabu, kwa hiyo kumsomea mtoto "Juma alikuwa na maembe" hakumpi hata alama moja ya bure, kujumlisha bado ni kwake. Lakini karatasi ya kusoma na kuelewa ukimsomea umemfanyia mtihani wewe, hapo mpe muda wa ziada tu na maandishi makubwa yenye nafasi. Ya imla ndo hivyohivyo, huwezi kumsamehe tahajia kwenye mtihani wa tahajia. Ila kwenye sayansi akiandika "usanisinuru" vibaya na maelezo yako sahihi kwa nini umkate? Walimu wengi tunakata alama za Kiswahili kwenye kila somo bila kujua.

Na yule wa katikati wa 48 umemtaja vizuri, watu huwa wanamsahau. Dawa yake ni kwamba mengi ya haya yasiwe ya ruhusa maalumu. Somea maswali darasa zima kwa sauti mwanzo wa mtihani. Panga maandishi yapumue. Toa muda unaotosha kwa wote, nani kasema hesabu kumi lazima ziishe dakika ishirini? Kujibu kwa mdomo weka wazi kwa yeyote anayetaka, utashangaa hawaji wengi, kwa mdomo hakuna kuchungulia kwa jirani na mwalimu anauliza "kwa nini" mpaka ujue kama unajua. Wanaokuja ni wanaohitaji. Kinachobaki cha mtu mmoja mmoja ni kidogo na mwalimu mmoja anakiweza, sio mzigo ule unaouona wewe.

Mitihani ya taifa ndo habari nyingine, huko kuna taratibu zake na mara nyingi wanataka ripoti ya kitaalamu mapema, kwa hiyo wazazi waanze kutafuta vipimo sasa akiwa mdogo, wasisubiri mwaka wa mtihani.

Mama Wawili:

Nawakumbusha na wale wepesi. Wa kwangu wa pili anamaliza kazi dakika tano halafu anawasumbua wenzake, kila siku anaandikwa mtukutu. Na wao ni hitaji. Msiwape hesabu ishirini zaidi za aina ileile, hiyo ni adhabu ya kuwahi.

Mwl wa Tatu:

Jamani asanteni sana nimesoma yote mara mbili. Macho na masikio nimeshaongea na mama yake leo wakati anamchukua, nilianza na swali la kaka mkubwa kama Mama Wawili alivyosema, kumbe na baba yake aliacha shule kwa sababu hiyohiyo ya kusoma, mama mwenyewe ndo kanieleza bila kuulizwa. Chaki ulijuaje.

Bado moja kwa katekista. Je sala? Nasadiki ndefu haiingii, anachanganya mistari, nikimwandikia asome ndo tunarudi kulekule.

Katekista Mkongwe:

Usimwandikie. Watu waliisali karne ngapi bila kujua kusoma. Rekodi kwenye simu kwa sauti yako, polepole, kipande kimoja tu, "Nasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi, mwumba mbingu na dunia" basi, apewe mama ampigie nyumbani asubuhi wakati anavishwa sare. Kikikaa unaongeza cha pili, unaanzia tena cha kwanza. Ishara za mikono zinasaidia, mbingu juu, dunia chini, na kama kuna wimbo wake mtumie wimbo, sala iliyoimbwa haipotei mstari kirahisi. Na anza na ile fupi, Imani ya Mitume, ile ya Nikea aachiwe mpaka akue, hata watu wazima Jumapili wanaifuatisha kwa kuchungulia midomo ya wenzao.

Nidhamu Kwanza:

Hilo la kuchungulia midomo umenisema mimi moja kwa moja 😂 Mwalimu utupe mrejesho wa katekista wako akishamhoji.